Kinyozi Anayesinzia

Tangu aruhusiwe kutoka hospitali ya magonjwa ya akili, Kinyozi hakuhitaji kusukumwa kunywa dawa. Kila usiku baada ya kula, kidonge kimoja, maji, basi. Aliyoyaona wodini yalimtosha. Alitaka kitu kimoja tu: kunyoa watu kama zamani.

Lakini asubuhi, akishamaliza chai tu, miguu inakuwa mizito na macho yanagoma. Siku moja alisinzia huku mashine inanguruma kichwani mwa mwalimu jirani yao. Alipozinduka, alikuwa ameshafungua barabara kutoka utosini hadi kisogoni. Mwalimu, Mungu ambariki, alisema, “Basi malizia kote,” akaondoka na kipara. Wengine hawakuwa na moyo huo. Walimchungulia mlangoni, wakaenda kunyolewa kwingine.

Mama yake akaanza kumfungashia nguo. “Ugonjwa umerudi, baba. Kesho tukakulaze.”

Kinyozi alikataa, na kukataa kwenyewe kukahesabiwa kuwa ugonjwa. Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli.

Bahati nzuri, siku hiyohiyo alibisha hodi muuguzi wa kliniki, yule anayewazungukia majumbani waliotoka wodini. Akaomba kuona dawa. Pakiti ilikuwa inakaribia kwisha, na tarehe ya kwenda kuchukua nyingine bado iko mbali.

“Anakunywa ovyo,” mama akadakia. “Si unaona alivyo?”

“Mama, namuuliza mwenyewe.” Muuguzi akamgeukia Kinyozi. “Kaka, unakunywaje?”

“Kimoja, usiku.”

“Nakuamini. Sasa hivi vingine vinakwenda wapi?”

Mama akaanza kufuta meza ambayo alikwisha kuifuta.

“Nilidhani anavitema,” akasema kwa sauti ndogo. “Nikawa nasaga kimoja, natia kwenye chai yake ya asubuhi. Na sukari nyingi, asisikie uchungu.”

Muuguzi hakufoka. Alieleza kwamba usingizi ule ni wa dozi mbili, si wa maradhi. Kwamba mgonjwa ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwake, hata kikitiwa kwa mapenzi. Na kwamba habari ya kulazwa haipo. Kesho Kinyozi aje kliniki apimwe. Leo usiku, kimoja chake kama kawaida. Akaaga.

Wakabaki wawili.

“Ungeniuliza tu, mama.”

“Ningekuuliza, nisingekuamini.”

Ilimuuma kuliko mambo yote ya wodini. Lakini hakubisha, kwa sababu safari hii mama hakuwa amemdanganya.

“Basi uniulize leo,” akasema.

Usiku, walipokwisha kula, mama alisimama karibu na kabati, pale pakiti ilipokaa.

“Umekunywa dawa, baba?”

“Nimekunywa.”

Mkono wa mama ulikuwa umeshafika kwenye kitasa cha kabati. Akaurudisha, akakusanya vyombo, akaenda kuviosha.