Shuka Moja, Mishahara Miwili

Bi Pasi, binti wa mponda mawe aliyetengeneza barabara ambayo hakuwahi kuipita akiwa garini, mjukuu wa mkunga aliyekata vitovu vya nusu ya mji. Yeye mwenyewe mfuaji wa mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na minane, mlezi wa watano, mzikaji wa wawili, msomeshaji wa wasio wake. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye faili. Hili la Pasi walimpa wenzake, kwa sababu shuka likitoka mikononi mwake hujui kama limepigwa pasi au limekunjwa tu.

Chumba cha kufulia kilikuwa nyuma ya hospitali. Mashine tatu, mojawapo mgonjwa kuliko wagonjwa wenyewe. Sakafu haikauki, mvuke hautoki, na ikifika saa kumi jioni magoti ya Bi Pasi yalikuwa yakimsimulia habari zote za tangu ujana.

Shuka halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha, mnalivuta likanyooka, mnakutana katikati, mmoja anatoa na mwenzake anapokea. Mwaka huu wote aliyesimama upande wa pili alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pili, msichana mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Humwambia, "Mke mwenzangu, vuta basi, au mume wetu kakuchosha?" na mume mwenyewe yuko kaburini mwaka wa kumi na moja. Bi Pasi hucheka atake asitake.

Kazi yao ilikuwa moja, lakini bibi alikuwa mwajiriwa wa kudumu. Akiugua analipwa, akienda likizo analipwa, na zilibaki wiki sita astaafu apokee kiinua mgongo chake. Mjukuu alikuwa kibarua. Siku asiyokuja ni siku asiyokula.

Jumatatu bomba la mvuke likamchoma msichana kuanzia kiganja hadi kiwiko. Wauguzi walimfunga bandeji, ofisi ikamwambia akapumzike, na siku za kupumzika ajigharimie mwenyewe. Akauliza mbona bibi yake alipoteguka kifundo cha mguu alilala nyumbani mwezi mzima na mshahara ukamfuata. Karani, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamtolea makubaliano ya miaka tisa nyuma: wa zamani wabaki na haki zao na waongezwe kidogo, watakaokuja baadaye wawe vibarua. Chini kulikuwa na sahihi tatu za kamati ya wafanyakazi. Ya pili aliijua. Ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zake zote za shule.

Alirudi kwenye meza ya kukunjia, mkono kifuani, na safari hii hakuleta utani.

"Bibi, ile sahihi ni yako?"

Bi Pasi aliendelea kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka. Angeweza kusema walitishwa, na kweli walitishwa. Waliambiwa wafuaji wamejaa barabarani. Lakini kumbukumbu yake haikumwacha ajifiche. Alikumbuka walivyotoka ofisini siku ile wakicheka, wakishukuru kwamba shoka limewaangukia wasiokuwepo.

"Ni yangu. Nilidhani hao watakaokuja ni watoto wa watu."

Msichana alikaa juu ya robota la mashuka machafu. "Kwani mimi ni mtoto wa nani?"

Bi Pasi alijaribu kulikunja shuka peke yake. Alijiona amechoka uchovu ambao kitanda hakiuondoi.

Na Ijumaa kamati ilikuwa inaletewa karatasi nyingine. Vibarua sasa walipwe kwa robota, si kwa siku. Wajumbe, wote watatu wakikaribia kustaafu, wakikubali, viinua mgongo vyao vitatoka siku ile ile watakayostaafu. Wakikataa, wapange foleni, na foleni ile ina watu waliokwisha kufa bado wanasubiri zamu yao.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa karani. Alikuwepo kanuni za kamati zilipoandikwa: mjumbe anayekaribia kustaafu anaruhusiwa kuacha mtu wa kushika nafasi yake. Hakuna mahali palipoandikwa lazima awe wa kudumu, kwa sababu siku hizo kila mtu alikuwa wa kudumu. Karani alisoma mara mbili, akakuna kichwa, akaandika jina la msichana.

Bi Pasi alimkuta mjukuu wake nyumbani, akajishusha polepole kwenye kiti.

"Ijumaa utaingia wewe. Watakuwekea karatasi mbele. Uliza inamhusu nani ambaye hayumo chumbani, na usisaini mpaka wakutajie. Wale wenzangu wawili usiwatukane. Wamechoka kama mimi."

"Na kiinua mgongo chako?"

"Nitapanga foleni."

Msichana hakumwambia kwamba yamekwisha, wala bibi hakuliomba neno hilo.

"Kikao ni saa tatu," Bi Pasi alisema. "Fika saa mbili na nusu, ukae kiti cha karibu na mlango. Hicho ndicho chetu."