Kopo la Mama Mkwe

Mtaani walimwita Sponji kwa sababu ya kazi yake ya kujaza na kushona makochi, na pia kwa sababu alikuwa mtu wa kubonyea: ukimkandamiza huku anatokea kule, lakini hagombani. Misimamo yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Kwa hiyo mke alipolazwa hospitali kujifungua mtoto wa pili, Sponji alibaki na binti yao wa kwanza pamoja na mama mkwe, aliyekuja na begi moja kubwa akapewa chumba cha nyuma.

Binti alikuwa na miaka minne. Mwaka uliotangulia aligundulika kuwa na kisukari, na tangu hapo alichomwa insulini kila siku na kutobolewa kidole ili damu yake ipimwe kwa mashine ndogo ya kiganjani. Sponji alijua kufanya yote hayo. Ila alizoea kuyafanya mkewe akiwa amesimama nyuma yake.

Siku hiyo mtoto alishinda kwenye karakana ya baba yake, akiruka kutoka rundo moja la sponji hadi jingine. Usiku alichomwa sindano yake kama kawaida, akala vijiko vichache vya wali, akasinzia mezani. Sponji akampigia mkewe simu wodini.

"Amekula?"

"Kidogo tu. Usingizi umemchukua."

"Na amecheza leo?"

"Kutwa nzima."

"Basi mpime. Ikiwa chini ya tano, mwamshe umpe mkate na maziwa. Usimwache hivihivi."

Mashine ilisoma nne nukta nane. Sponji akaenda jikoni kupasha maziwa, akamkuta mama mkwe amesimama mlangoni.

"Baba, mtoto aliyelala haamshwi," alisema yule mama. "Tena huyu ana sukari. Ukimlisha usiku unamwongezea."

"Mama yake ndiye amesema, Mama."

"Mama yake ana uchungu, anasema lolote. Mwache mke mwenzangu apumzike." Ndivyo alivyomwita mjukuu wake kwa utani.

Angeweza kumweleza kwamba dawa ikishaingia mwilini inaendelea kufanya kazi hata kama tumbo ni tupu. Lakini kumfundisha mkwe kazi jikoni, tena usiku, hakuweza. Akasema, "Sawa, Mama," akazima jiko. Alimlaza mtoto kitandani, akavuta kiti kando yake, akajiambia atampima tena baada ya muda. Mtu aliyepiga nyundo tangu asubuhi hakai sana kwenye kiti bila kusinzia.

Kilichomwamsha ni miguu ya mtoto ikipiga godoro. Fulana ilikuwa imelowa jasho, mikono inatetemeka, macho yako nusu wazi yakimtazama kama mgeni. Alipomwita, mtoto alijibu jambo kuhusu viatu vya paka. Sponji akamtoboa kidole. Mbili nukta tisa.

Kliniki waliwahi kumwambia kwamba mtoto akiwa bado anameza, sukari kwanza, maswali baadaye. Pakiti za juisi kwa ajili ya saa kama hiyo zilikaa rafu ya chini ya kabati. Alipofungua akakuta sufuria zimepangwa vizuri, za kuvutia, na hakuna juisi. Mtungi wa sukari nao haukuwepo.

Akagonga mlango wa chumba cha nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe.

"Mama, juisi ziko wapi? Na sukari?"

"Nimewapa watoto wa jirani," alijibu kutoka gizani. "Mtoto ana sukari, na nyumba nayo imejaa sukari, mimi nikaona..."

"Yake imeshuka. Anaitaka sasa hivi. Akichelewa atazimia."

Kisha zipu ya begi ikasikika, na mama mkwe akatoka na kopo la maziwa ya unga lililoviringishwa kwenye kitambaa cha kichwa. Ndani mlikuwa na sukari nusu kopo.

Habari za kopo lile Sponji alizijua siku za baadaye. Marehemu baba mkwe alikuwa na kisukari, na alikuwa mwizi hodari wa sukari, akiichota kwa kijiko kama mtoto. Mkewe aliificha miaka mingi. Naye, kwa kuwa chai bila sukari haikumpita kooni, alizoea kunywa yake peke yake chumbani, mume asiione akaitamani. Mume alikufa. Mazoea yakabaki.

Sponji alikoroga vijiko vitatu vya chai kwenye nusu kikombe cha maji, akamkalisha mtoto wima mapajani. Mtoto akakaza meno, akageuza uso.

"Mke mwenza," bibi alimnong'oneza, "hii chai yangu mimi. Onja kabla sijaimaliza."

Akaonja. Akaendelea, funda dogo baada ya funda. Wakakaa sakafuni kungoja robo saa kabla ya kupima tena.

"Na ikizidi?" bibi aliuliza.

"Ikizidi tutaishusha kesho, Mama. Hii ya kushuka haingoji kesho."

Kipimo cha pili kilikuwa tatu nukta sita, wakamkorogea tena. Cha tatu kilikuwa tano nukta nne. Ndipo Sponji akapasha maziwa na kuleta mkate, na mtoto, akiwa amenuna, akasema hataki ile sehemu ngumu ya pembeni. Bibi akaimenya, akaila yeye.

Asubuhi walimpeleka kliniki wote wawili. Muuguzi aliwaelekeza namna ya kupunguza insulini siku ambazo mtoto amekimbia sana au amekataa chakula. Akauliza nani alikuwa naye usiku.

"Mimi na baba yake," mama mkwe alijibu, akaishia hapo. Sponji akaitikia kwa kichwa. Njiani alimwomba mkwe asimame dukani, wakanunua juisi, na bibi ndiye aliyebeba mfuko.

Mke alirudi na kichanga siku ya tatu, akasimuliwa yote. Aliwanunia hadi magharibi. Halafu akataka kuona kama ni kweli mama yake, aliyefundishwa na Sponji siku hizo, sasa anajua kupima. Yule mama akanawa mikono, akavaa miwani, akamwomba mke mwenzake kidole.