Shati la Mume wa Stamatia

Sandrine Bulonza si mtu wa kusimulia. Mimi namfahamu kwa sababu ya gari. Mwaka wa saba huu tunakwenda kazini pamoja, hapa Louisville, Marekani, kutoka Shively tunakokaa mpaka ghala la Okolona, yeye akiendesha na mimi, Gracieuse, nikiongea. Habari hii nimemchota kipande kipande, kwenye taa nyekundu za barabarani, na kila kipande nilikipata kwa ubishi. Kuna siku nilimwambia kwamba kumtoa neno ni kazi kuliko kupakua lori. Akasema ndiyo, akawasha indiketa.

Miaka sita iliyopita alipigiwa simu wakati wa mapumziko. Mtu asiyemjua, aliyesema amenusurika, alimwambia kwamba mdogo wake, Bonheur Nshombo, alizama kati ya Uturuki na kisiwa kimoja cha Ugiriki, na kwamba wamemzika katika kijiji cha huko juu mlimani. Sandrine alisema asante kwa kunijulisha. Akaweka simu mfukoni, akarudi kwenye mstari wake, akaendelea kuskani maboksi mpaka zamu ikaisha. Wakongo wenzetu wa kanisani walisema ana moyo wa jiwe. Mimi pia nilisema, tena nilisema kwa sauti, na leo naona aibu. Ile ilikuwa ganzi, kama ya mguu ulioukalia muda mrefu, isipokuwa yake haikuisha alipoinuka.

Mama yao anakaa Whitehall, pale Columbus, na yeye hakuwa na ganzi hata kidogo. Yeye alikuwa na tumaini, na tumaini lile lilimkondesha. Wachungaji walikwenda, wazee wa ukoo walikwenda, wote wakimwomba akubali tuondoe matanga. Akawafukuza.

"Kama hakuna mutu ya nyumba yangu mwenye ameona fasi analala, mutoto yangu hajakufa," aliwaambia. "Munataka kuondoa matanga ya nani?"

Basi miaka sita hakuhudhuria arusi ya mtu wala ubatizo wa mtoto. Alisema Bonheur yuko gerezani mahali fulani, au alipigwa kichwa akasahau kwao. Kila Jumapili alimpigia Sandrine, akauliza kama kuna habari. Sandrine aliandika barua pepe kwa ofisi za huko, akituma jina na picha, na jibu lilikuwa lilelile: hakuna marehemu wa jina hilo.

Mwaka huu alipata pasipoti ya Marekani, akaomba likizo ya wiki mbili. Wenzetu wa ghalani waliposikia anakwenda kisiwa cha Ugiriki walimshangilia, mmoja akamletea mafuta ya kujipaka asiungue na jua la ufukweni. Sandrine aliyapokea, akashukuru, akayatia kwenye begi. Hakumweleza mtu.

Jina la kisiwa sitaliandika. Wenyeji hawakumkosea, na hawakuomba kutangazwa. Nilimuuliza kikoje, nikitaka kusikia bahari ya buluu na nyumba nyeupe kama za kwenye kalenda. Akasema kina mawe mengi. Ilibidi nimbane ndipo aniambie mengine. Basi la abiria hupanda mlimani mara mbili kwa siku, na dereva husimama popote akiona mwanamke mwenye mzigo. Mizeituni imepandwa kwenye ngazi za mawe zilizojengwa na mababu, na chini ya miti wametandika nyavu nyeusi. Mbuzi wamefungwa kengele. Kando ya barabara kuna mizinga ya nyuki iliyopakwa rangi, na majani fulani ukiyakanyaga yananukia kama jikoni. Aliyaona yote haya, akayapita, namna anavyopitisha maboksi.

Siku tatu alitembea vijiji. Cha kwanza kilikuwa na uwanja mdogo wenye mti mkubwa wa mforosadi, na wazee wakinywa kahawa ya vikombe vidogo huku wakihesabu shanga kwa vidole. Walimkalisha kabla ya kumuuliza anataka nini. Wakamletea maji, kisha kijiko cha matunda yaliyopikwa kwa sukari, maana kwao mgeni haulizwi shida yake mdomo ukiwa mkavu. Alipowaonyesha picha walitikisa vichwa. Makaburi yao aliyaona, ya marumaru, kila moja na picha ya mwenyewe na taa ya mafuta. Hakuna Bonheur. Kijiji cha pili vilevile, ila huko walimpa na jibini.

Kijiji cha tatu kiko juu kabisa, na nyumba zake nyingi zimefungwa kwa sababu watu walihamia mijini. Huko alimkuta mwanamke mzee, Stamatia, amevaa nyeusi kichwani mpaka miguuni, akijaza mafuta kwenye taa za makaburi. Hawakuwa na lugha moja. Sandrine alisema na simu, simu ikasema Kigiriki, na mzee akaijibu simu kwa sauti kubwa kama anaongea na kiziwi. Ndiyo, yuko mgeni aliyetoka majini. Akamshika mkono akampeleka penye ukuta. Kaburi lilikuwa safi, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na kwenye kibao cha mbao paliandikwa: Reginaldi Mutware.

Hapo alisimama. Reginaldi Mutware ni mtoto wa baba yao mkubwa. Anaishi Buffalo, anafanya kazi katika kiwanda cha madirisha, na wiki iliyotangulia alikuwa amempigia Mama simu kumlalamikia baridi ambayo haitaki kuisha.

Aliyepita kambi ya wakimbizi hahitaji kuelezwa, lakini acha nieleze. Kule Uganda, Bonheur alikosa siku ya kuhakikiwa, karatasi yake ikafungiwa, na bila karatasi hakuna posho. Wakati huohuo familia ya Reginaldi ilipata safari ya Buffalo. Karatasi yake ya kambi ilibaki. Umri ulikaribiana, na katika picha za kambi kila mtu anafanana na ndugu yake. Sandrine ndiye aliyeichukua karatasi ile kwa Reginaldi na kumpa Bonheur, wiki chache kabla ya yeye mwenyewe kupanda ndege. Alimwambia maneno mawili tu: "Kula nayo." Bonheur akala nayo. Na alipochoka kungoja akaondoka nayo, na maji yalipomtupa ufukweni ilikuwa mfukoni mwake, ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwa hiyo miaka yote sita dada mtu, asiyewaza kwamba karatasi ya posho ingevuka bahari, alimtafuta kwa jina ambalo yeye mwenyewe alimvua.

Nilimuuliza alijisikiaje. Akasema alisoma kibao mara mbili, kisha akampigia Reginaldi. Buffalo ilikuwa asubuhi, yuko kazini, mashine zinasikika nyuma yake.

"Yaya, usibadirishe kitu," Reginaldi alisema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. "Nakuomba. Interview yangu ya citizenship ni mwezi ujao. Wakiona jina yangu kwenye kaburi, donc wataniuliza miye ni nani."

"Sawa," Sandrine akasema.

"Lakini ni yeye kweli?"

Hilo hakuwa amelithibitisha. Akarudi kwa Stamatia, na simu ikaanza tena kutafsiri. Mzee akaeleza kwamba siku ile wavuvi walimleta, daktari akamtazama, na hakukuwa na mtu wa kumvalisha, basi akajitolea yeye. Alimvalisha shati la marehemu mume wake. Kisha akainua mkono wake mwenyewe wa kushoto, akakunja kidole cha mwisho mpaka kikapotea kiganjani. Hakuwa na hiki, alisema.

Bonheur alikatwa kidole hicho na mashine ya kusaga muhogo, kule kwetu Walungu, akiwa na miaka tisa.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi ya wafu, ambayo Wagiriki huiadhimisha kabla ya Pentekoste. Wanawake huchemsha ngano, huichanganya na sukari na zabibu kavu, huipeleka kanisani kwenye sahani, na pembeni ya sahani huweka karatasi yenye majina ya marehemu wao ili kasisi ayasome. Stamatia alimwonyesha karatasi yake. Mume wake, wazazi, dada wawili, na mwishoni, Reginaldi. Ina maana kwamba mwaka baada ya mwaka, kasisi wa kijijini alimwombea pumziko la milele mtu aliyekuwa Buffalo akisukuma theluji mbele ya gari lake. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Sandrine hakucheka, alingoja nimalize.

Stamatia akampa kalamu. Kasisi husoma jina la kwanza peke yake, halina ukoo wala namba, na hakuna ofisi inayouliza. Sandrine alikata Reginaldi, akaandika Bonheur. Kasisi alipofika hapo alisita, akalisoma polepole, akaendelea na majina mengine. Wanawake wakagawana ngano. Sandrine akala yake akiwa amesimama, akasema ilikuwa tamu.

Alikuwa bado na kazi moja, nayo ndiyo iliyokuwa inamtisha. Whitehall kulipokucha alikaa kwenye ukuta nje ya kanisa akampigia Mama.

"Umeona?"

"Nimeona, Mama. Lakini jina yenye baliandika pale ni ya Reginaldi."

"Reginaldi iko Buffalo!"

"Njo vile. Bonheur alisafiri na karatasi yake. Ni miye nilimupatia."

Sauti ya Mama ikapanda, ikachangamka. "Bon! Haiko Bonheur basi. Ni mutu ingine aliiba ile karatasi. Nilibaambia! Mutoto yangu iko fasi fulani."

Mlango ulikuwa wazi. Angesema labda, Mama, na Mama angekata simu akiwa na furaha, na Jumapili angeuliza tena kama kuna habari, na ile ya baadaye, mpaka mmoja wao afe. Hakuna ambaye angejua. Aliniambia alikaa na neno hilo, labda, dakika nzima.

"Mama," akasema, "kuko mama muzee hapa, njo alimuvalisha. Aliona mukono. Kidole ya mwisho, ya kushoto, haikukuwa."

Sandrine akaibana simu sikioni.

"Alimuvalisha nini?" Mama akauliza.

"Shati ya bwana yake."

"Ya rangi gani?"

Sandrine hakujua. Alikuwa ameuliza yote ya karani, tarehe, daktari, wavuvi, na hili hakuwaza kuliuliza. Akapanda mbio ngazi ya mawe ya kwenda kwa Stamatia, simu mkononi, Mama akihema upande wa pili. Stamatia alipoelewa aliingia chumbani akafungua sanduku. Mume wake alishonewa mashati mawili ya kitambaa kimoja, cheupe chenye mistari myembamba ya buluu. Moja lilikwenda ardhini na Bonheur. La pili lilikuwa hili, limekunjwa. Sandrine akaliinua mbele ya kamera.

Mama aliliangalia. "Leta," akasema.

Tuliondoa matanga mwezi wa nane, Whitehall. Tulitoka Louisville magari matatu. Reginaldi alikuwa hataki kuja. Interview yake ilikuwa imesogezwa mbele na hofu yake ilikuwa palepale, lakini zaidi ya hofu aliona haya. Mama alimpigia mwenyewe. Alifika kutoka Buffalo saa sita mchana, akakaa kiti cha karibu na mlango, funguo za gari mkononi.

Kwetu siku hiyo nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Bonheur hakuacha nguo. Mama alitoka chumbani na shati la mume wa Stamatia, limepigwa pasi, akalishika juu ya mikono miwili. Wote tulifikiri atampa Sandrine.

"Reginaldi, simama."

Akasimama. "Mama mudogo, unisamehe."

"Ulimupatia jina, akafika nayo. Vaa."

Mikono ya shati ilimpungua. Mama akaanza kumfunga vifungo, kuanzia chini, taratibu, kama anayemtayarisha mtoto kwenda shule. Hakuna aliyeimba. Sandrine alikuwa kwenye mlango wa jikoni na sahani za ugali, na hapo ndipo aliposema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, mbele ya watu wote:

"Ni miye nilimupatia ile karatasi. Ni miye nilimupoteza, Mama."

Mama hakugeuka. Vidole vyake vilikuwa kwenye kifungo cha shingoni.

"Na miye ningemupatia," alisema. "Alikuwa na njaa."

Sandrine akaweka sahani chini moja moja, akakaa sakafuni katikati ya sahani hizo, akalia. Hatukumnyamazisha.