Isale Alilopiga Magoti Nalo Anaeli

Anaeli hakumsamehe Praygod, na asije mtu akaeneza huko Mwika kwamba alimsamehe. Alichofanya siku ya mazishi ya kijana huyo ni kitu kingine, na kilimgharimu zaidi.

Alikuwa mjane kama wajane wengi wa mlimani: ng'ombe zizini, migomba, kahawa kidogo iliyosalia kivulini, kwaya kila Jumapili. Wanawe walikuwa wawili. Tito, mkubwa, aliongoza wageni wanaopanda mlima. Lucky, mdogo, aliuza mbege, pombe ya ndizi, kwenye kilabu cha njia panda. Jumamosi moja Praygod, kijana wa jirani aliyekuwa mlinzi mjini Moshi, kule Njoro, alipanda na bunduki ya lindo akaingia kilabuni. Aliua watu sita. Lucky alikufa akiwa bado ameshika kata ya mbege. Kisha Praygod akajiua.

Kila mtu alijua wanywaji wa kilabuni walivyokuwa wakimtania. "Afande, hiyo bunduki ina risasi, au ni ya kutishia kuku?" Utani ule ule, mwaka hadi mwaka. Lakini Lucky hakuwa mtu wa kuwacheka wenzake. Alimmiminia mbege na kumwita kaka. Anaeli naye alikuwa amemnywesha maziwa Praygod akiwa mdogo, mama yake, Elinipendo, alipolazwa hospitali. Ndiyo maana swali halikumtoka: aliwezaje kumtazama Lucky usoni na bado akafyatua?

Mchungaji alipomwambia ajaribu kuelewa maumivu ya kijana yule, Anaeli aliinuka akaenda kukata majani ya ng'ombe. Aelewe nini? Kuchekwa kunamuuma kila mtu, na si kila mtu anaua.

Lucky alikuwa ameshazikwa maiti ya Praygod ilipoletwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba tangu asubuhi. Huku mtu huzikwa kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo. Kumpeleka kwenye makaburi ya mjini ni kumtupa. Na njia pekee ya kufikisha jeneza kwa Elinipendo ilipita ndani ya kihamba cha Anaeli. Shemeji yake, Wilson, msemaji wa ukoo, alikuwa ameshatamka kwamba jeneza halitapita. Vijana walisimama mpakani, penye safu ya masale, mimea ya kuonyesha mipaka, fimbo mkononi.

Elinipendo alikuja peke yake. Mkononi alishika jani la isale lililofungwa fundo. Mlimani anayeletewa isale kuombwa radhi hakatai, hata kama kosa ni la damu.

"Mama Tito," alisema.

"Usisogee. Sema ukiwa hapo hapo."

"Siombi umpende. Naomba njia tu. Gari liko barabarani."

"Na wangu alipewa njia gani?"

Elinipendo alilinyoosha jani mbele zaidi.

Tito akatokea nyuma ya zizi. Mkono mmoja panga, mwingine dumu la petroli. Alimkaribia mama yake, akamnong'oneza kwa upole kabisa, "Mama, lipokee. Waache wapite. Wakishakaa wote ndani kwenye msiba, tunafunga mlango."

"Ndani mle atakuwemo Doris." Doris alikuwa dada yake Praygod. "Ana mtoto mchanga, Tito."

"Ni wale wale, mama. Wote ni wale wale."

Kwa Anaeli maneno yale hayakuwa mageni. Tangu mazishi ya Lucky alikuwa akitazama nepi za mtoto wa Doris zilizoanikwa ng'ambo ya masale, na kutamani kamba ile ibaki tupu. Alilitamani jambo hilo, na likampa nafuu. Kumbe ndivyo inavyokuwa. Praygod alipoingia kilabuni hakumwona Lucky. Aliwaona wale wale tu.

Hakumhurumia Praygod. Alimwelewa tu, na hilo lilimtisha zaidi, maana alimwelewa kutoka ndani yake mwenyewe. Akamtazama Tito. Uso wake ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyepumzika baada ya kazi ndefu. Walionusurika kilabuni walisema Praygod naye alikuwa ametulia hivyo.

Akalipokea isale kwa mikono miwili. "Nimepokea ombi la njia, Mama Praygod. Mwanao sijampokea."

Halafu akageuka, akapiga magoti kwenye tope mbele ya mwanawe wa kumzaa.

"Tito, nakuletea isale."

"Inuka, mama. Watu wanaangalia."

"Waangalie."

"Mimi nimefanyiwa, sijafanya. Unaniomba nini?"

"Unachotaka kufanya, usikifanye. Nakuomba sasa, maana ukishafanya sitakuwa na mtoto."

"Mama Tito, acha utoto," Wilson alisema kutoka mpakani.

Isale halipokelewi kwa mkono mmoja. Tito alilijua hilo tangu akiwa mdogo. Aliliangalia jani, akaangalia mikono yake iliyojaa. Panga likaanguka kwanza. Dumu lilikaa. Barabarani ilisikika milango ya gari ikifunguliwa, na watu wakihimizana kubeba. Mwishowe akaliweka dumu chini, akalichukua jani.

Vijana wakaachia njia. Jeneza lilipita bila wimbo. Doris alifuata, mtoto mgongoni, na Tito alimsindikiza kwa macho mpaka migomba ikamficha, jani likiwa limekunjwa ngumini. Anaeli aliyaona macho yale.

Alijikokota akainuka, akalichukua dumu ili akalimwage mbali, kule korongoni. Alikuwa amejiandaa kwa mzigo mzito. Lilikuwa jepesi. Yeyote angeweza kulibeba.