Matonge Mazima Tumboni

Madam Frema Agyeiwaa alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuamini jibu la mtoto mpaka alione limechorwa. Wanafunzi wake wa darasa la tano, katika mji mdogo nje ya Kumasi, Ghana, waliandika wote kwamba chakula huanza kusagwa mdomoni kwa meno na mate. Wote wakapata. Mwalimu mwingine angejipongeza akaenda zake. Frema akagawa karatasi.

"Nichoreeni safari ya fufu, kutoka bakulini mpaka tumboni."

Michoro ikaja na matonge ya mviringo, mazima kabisa, yamepangana tumboni kama machungwa kapuni. Frema akacheka mpaka akavua miwani. Wajinga hawakuwa: fufu, ule ugali wa muhogo na ndizi uliotwangwa kinuni, humezwa tu, na anayeitafuna huchekwa na ukoo mzima. Ya kitabuni waliyaandika kwenye mtihani, ya nyumbani wakayachora. Akaibandika michoro yote ukutani ili somo lianzie hapo.

Mwalimu Mkuu Boadi alipoingia, uso ukamkunjamana.

"Madam, hawa si walipata alama zote? Unatafuta nini tena? Bandua haya madudu, au sayansi nimpe mtu mwingine."

Frema akasimama mbele ya michoro. Kama kuna kitu alichokipenda duniani, ni kipindi kile cha sayansi.

"Nipe mpaka kengele ilie, Mwalimu Mkuu. Tafadhali."

Akamwita Dufie, ambaye peke yake alichora kinu na mchi ndani ya tumbo. Darasa likaangua kicheko.

"Nani anatwanga humo, Dufie?"

"Tumbo lenyewe, Madam. Si tunaimeza tu? Meno hayajaigusa, basi tumbo linaitwanga mara ya pili. Ukila matonge makubwa, linatwanga usiku kucha."

Mwalimu Mkuu akakohoa. Mkono wake ulikuwa umeshafika tumboni.

"Kumbe fufu ndiyo inayoninyima usingizi," alisema taratibu.

"Kwani unameza makubwa kiasi gani?" Frema akamuuliza.

"Ya kawaida tu," alijibu, lakini vidole vikaonyesha ukubwa wa embe.

Frema akampa karatasi. Mzee akajikunja kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa kidevu, akaanza kuchora. Dufie alipochungulia, akaifunika kwa mkono.

"Angalia ya kwako, wewe."

Kengele ikalia. Frema akapita kukusanya. Mwalimu Mkuu akaing'ang'ania yake.

"Utanisahihisha kwa kalamu nyekundu?"

"Kama wenzako."

"Basi niwekee nafasi hapa kesho, Madam. Sijamaliza utumbo."