Picha ya Mazishi ya Mzee Gurdial

Kwa miaka miwili nilikuwa mpiga picha wa baraka. Harusi za Wakenya wenzangu huku ughaibuni, ubatizo, mahafali: nilipiga zote, nikalipwa "Mungu akuzidishie, dada" na sahani ya pilau. Riziki yangu ilitoka kwenye zamu za nyumba ya kutunzia wazee. Kwa hiyo Mama Surjit aliponipigia simu kutoka Sutton Coldfield na kuuliza bei, nusura nikate nikidhani ni matapeli. Nilimwambia mume wangu kwamba nikiiharibu kazi hii, nauza kamera.

Saa tatu asubuhi niliondoka Acocks Green na kamera, stendi yake, na kitambaa cheusi nilichonunua Alum Rock. Mjini nikabadilisha treni. Abiria mmoja aliutazama mfuko wa stendi, akauliza kama naenda kuvua samaki. Nikamwambia ndiyo, wa Sutton ni wanene.

Sutton nilipokelewa kwa chai ya tangawizi. Wenyeji wangu ni Masingasinga wazaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chao kinakishinda cha wanangu kwa mbali. Mzee Gurdial, mumewe Mama Surjit, alikuwa fundi wa magari. Hakuzungusha maneno.

"Nataka picha ya mazishi yangu."

"Pole, mzee. Unaumwa?"

"Naumwa na watoto wangu. Nikifa watachagua ile niliyovaa kaptula huko Hispania."

Nikabandika kitambaa ukutani kwa utepe. Mzee akakaa mbele yake, kilemba cha bluu, uso mkavu kama wa pasipoti. Nikapiga ya kwanza, ya kumi, ya arobaini.

"Cheka kidogo, mzee."

"Nimekufa, nicheke nini?"

Jasho likanitoka. Kila picha ilikuwa safi, na haikuwa na mtu ndani.

Ndipo kitambaa kikabanduka, kikamfunika mzima.

"Sasa ndiyo umekufa vizuri!" Mama Surjit akapiga kelele.

Chini ya kitambaa likatoka tusi la gereji ambalo siliandiki, maana mama yangu atasoma haya. Nikamfunua. Mzee akaweka kilemba sawa, akamtazama mkewe, wote wakaangua kicheko, mzee kinywa wazi hadi magego. Nikabonyeza bila kufikiri.

Tukaitazama. "Hapana," akasema mzee. "Watu wataona nilifurahi kumwacha mke wangu."

"Kwani uongo?" akauliza Mama Surjit, akijifuta machozi.

Saa nane mchana, mlangoni, mzee alinilipa na kunipa maagizo: "Hiyo ya kucheka ichape kubwa, ya sebuleni. Ile ya mazishi usiiharakishe."

Kwenye treni ya kurudi nilizipitia picha zote. Nilikuwa nimesoma habari za mwanga na lenzi hadi macho yakauma, lakini hakuna aliyeniambia kwamba watu huja mbele ya kamera wakiwa wamejificha, na kazi yangu ni kungoja watoke. Jumatatu niliomba kule kwenye nyumba ya wazee wanipunguzie zamu moja kwa wiki, nipate siku ya kamera. Moja tu, sijawa mwendawazimu.