Makofi Yaliyopitisha Mjumbe

Mjumbe wa halmashauri ya kijiji chetu, upande wa Heru Juu, alipata kazi ya ulinzi katika kambi ya wakimbizi ya Nduta akahamia Kibondo, na kiti chake kikabaki wazi. Mama mdogo alikitaka, na sababu hakuificha. Njia ya bomba la maji ilikuwa inapangwa upya, kitongoji chetu hakina msemaji, na yeye bado alikuwa akiteremka bondeni na ndoo.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, nina maswali tu. Nikauliza ni nani hasa anayependekeza majina, na kwa nini yeye. Mama mdogo akaniambia nimalize uji twende mkutanoni.

Huko mwenyekiti alimpendekeza shemeji yake, fundi baiskeli anayependwa na watu, akasema tuokoe muda.

"Wanaoafiki wapige makofi."

Hakuna aliyepiga. Ndipo bibi mmoja jirani yetu, aliyechelewa, akatokea mlangoni, akainama na kupiga makofi taratibu, kama Waha tunavyosalimu kwa heshima. "Mwakeye." Mkutano mzima, kwa mazoea, ukamjibu kwa makofi.

"Imepita," akasema mwenyekiti.

Nikasimama, nikasema ile ilikuwa salamu. Akanijibu kwamba makofi ni makofi, labda kama chuoni wanafundisha aina nyingine. Watu wakacheka, nami nikacheka, ila sikukaa. Bibi akauliza amepitisha nini. Alipoelezwa, akamgeukia mwenyekiti.

"Mwanangu, kwa hiyo ningekuja bila adabu, kiti kingebaki wazi?"

Hata mtendaji wa kijiji, aliyekuwa akiandika muhtasari, alishindwa kuzuia kicheko. Akashauri kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Mama mdogo akatoka mbele, akasimama kando ya fundi, akasema neno moja tu: bomba.

Mke wa fundi akaenda nyuma ya mama mdogo. Mumewe akamwita, akamwonyesha mstari wake.

"Baiskeli tengeneza wewe," akamjibu. "Maji nachota mimi."

Wanawake wakamfuata, kisha wanaume wao, na fundi akabaki na mwenyekiti na wateja wachache. Akacheka, akampa mama mdogo mkono.

Njiani nikamuuliza mjumbe mpya: na bomba likitupita tena?

"Utasimama mkutanoni uniulize," akasema. "Kwa hiyo usipate kazi haraka."